Cheche Chini ya Turubai

Gari lilianza kumgomea Kezia kwenye kilima cha kwanza tu, hata kilomita tano hajazimaliza. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri, sauti imetulia. Lakini kila alipokanyaga mafuta ili lipande, injini ilijikwaa, ikawa inarusha na kukata, inarusha na kukata, mpaka usukani ukamcheza mikononi. Akilegeza mguu, linatulia. Akikanyaga tena, yaleyale.

"Siku zote, lakini si leo," alilisihi kwa sauti, peke yake ndani ya gari.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa Novemba, mwaka 1988. Kabla ya saa nane mchana Kezia alitakiwa awe Bukoba, hospitalini, mbele ya meza ya muuguzi mmoja aitwaye Mastura, aambiwe kama ataishi au atakufa.

Alifika Muleba saa tatu kasorobo, akaliingiza uani kwa Nathanieli akiwa bado katika gia ya pili. Hakuhitaji kupiga honi. Kutoka Muleba mpaka mpakani Mutukula kila mtu alilijua gari lile: jekundu, la milango miwili, limeinamia mbele kama mnyama anayetaka kuruka. Rugambwa, marehemu mume wake, alilinunua Kampala kwa mtu aliyekuwa akilikimbiza kwenye mashindano. Lilikuwa na tabo, kile kifaa kinachoushindilia upepo ndani ya injini, na tabo ilipoamka gari lilipiga mluzi mwembamba na kuchomoka hata abiria akashika kiti. Rugambwa alilipenda kuliko alivyompenda mkewe, na hilo halikuwa siri. Alimfundisha Kezia kuliendesha kwa sababu moja tu, apate mtu wa kumrudisha nyumbani akiwa amelewa. Sasa Rugambwa alikuwa na miezi kumi kaburini. Alikwenda kwa ugonjwa ule ambao wengine waliuita Juliana, wengine silimu kwa jinsi unavyomkondesha mtu, na wengi hawakuutaja kabisa.

Nathanieli alitoka bandani akijifuta mikono kwa kitambaa. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini, mrefu, si mwongeaji. Ufundi aliupata vitani, mwaka sabini na tisa, alipolifuata jeshi mpaka Uganda akitengeneza malori, akakaa huko miaka miwili kabla ya kurudi kwa mama yake. Siku nyingine zote alipomwona Kezia, macho yake yalitangulia kucheka. Leo macho yalikwenda kwenye gari.

"Limeanza lini?" aliuliza.

"Hata salamu hakuna?"

"Umeamkaje, Kezia."

"Nimeamka naogopa. Wewe je?"

Nathanieli alisogea mbele ya gari. Alifungua boneti, akaiegemeza kwenye fimbo yake, akainama.

"Lilianza Jumatano, kidogo," Kezia alisema. "Leo limezidi. Fundi wa Kemondo alisema ni pampu ya mafuta, akaisafisha. Hakuna kilichobadilika."

"Likiwa limesimama tu, linamisi, linakata hivyo?"

"Halimisi."

"Kwenye mteremko?"

"Halimisi. Linasubiri tabo ianze kupiga mluzi. Mluzi ukitoka, na lenyewe linakata hapohapo."

Nathanieli aliinua kichwa, akamtazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Wenye magari wote wangekuwa wanaeleza namna hiyo," alisema, "mimi ningekuwa nalala mchana."

Kezia alitabasamu, lakini yeye alikwisha rudisha kichwa chini ya boneti.

Kezia alimtazama mgongo akikumbuka matanga ya mumewe. Siku zile majirani walikuja, wakakaa, wakaondoka bila kugusa kikombe cha nyumba yake. Waliogopa hata maji. Nathanieli alikuja kuliangalia gari lililokuwa limekataa kuwaka, na Kezia, kwa mazoea, akamletea maji ya kunywa, kisha akabaki amesimama na kikombe, ameona aibu. Nathanieli alikipokea mbele ya wanawake wote waliokuwa wamekaa ukumbini, akanywa mpaka mwisho, akaomba kingine. Mapenzi yao yalianzia hapo, ingawa ilipita miezi mitatu kabla yeyote hajayatamka.

Mama yake Nathanieli ndiye aliyekuwa ukuta. Ma Bernadeta alizika wanawe wawili ndani ya mwaka mmoja, na makaburi yao yalikuwa kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, hatua ishirini kutoka mlangoni. Aliposikia mwanawe wa mwisho anamtaka mjane wa Rugambwa, alisema maneno ambayo Muleba nzima iliyasikia: "Huyo ni kifo kilichovaa kanga. Hataingia nyumbani kwangu nikiwa hai."

Basi wapenzi wale wawili waliwekeana ahadi. Wasigusane, wala mkono, mpaka wapime damu. Wiki nne zilizopita walikwenda Bukoba pamoja katika gari lilelile, wakachomwa sindano, wakaambiwa warudi Ijumaa ya leo. Wakiwa wazima wote wawili, watafunga ndoa, apende asipende mtu. Na haraka ilikuwepo, kwa sababu Jumamosi ukoo wa marehemu ungekaa kikao kumkabidhi Kezia kwa Rutashobya, mdogo wa Rugambwa, pamoja na nyumba na gari. Kezia alitaka aingie kwenye kikao kile akiwa na jibu mkononi na mwanamume kando yake.

Nathanieli alitoa plagi moja baada ya nyingine, akazipanga juu ya gunia. Tatu zilikuwa kavu, za rangi ya kahawia. Moja, iliyotoka silinda ya tatu, ilikuwa nyeusi, imelowa, inanuka petroli.

"Hii haichomi," alisema. "Mafuta yanafika, moto haupo. Kwa hiyo pampu wameisingizia bure."

"Plagi imekufa?"

"Tutajua."

Aliichukua plagi ile mbovu akaihamishia silinda ya kwanza, na ile nzuri ya kwanza akaipeleka ya tatu. Kisha akaingia kiti cha abiria. "Twende kilimani. Endesha kama ulivyokuja."

Walipanda kilima kimya. Tabo ilipiga mluzi, gari likakata, likarusha vichwa vyao mbele na nyuma. Kezia alimtazama kwa pembe ya jicho. Nathanieli alikuwa amefumba macho, anasikiliza, mikono yake imekumbatia magoti. Alikuwa amekonda. Kwa nini hakuliona hilo wiki iliyopita?

"Inatosha," alisema. "Geuza."

Uani alizitoa plagi tena. Ya silinda ya kwanza, iliyokuwa nyeusi, sasa ilianza kukauka. Ile nzuri aliyoipeleka ya tatu ilikuwa imelowa. Kosa halikuhama na plagi.

Alikaa juu ya tairi, akazitazama zote nne muda mrefu mno. Akachukua moja, akaisugua kwa brashi, akaiweka. Akaichukua ileile, akaisugua tena.

"Nathanieli, ni saa nne na nusu," Kezia alisema.

"Naijua saa."

"Unaijua halafu unasugua plagi iliyokwisha takata? Kutoka hapa mpaka Bukoba ni saa mbili barabara ikiwa kavu, na usiku mvua imenyesha. Dada Mastura anafunga saa nane. Kesho wale watu wanakaa kikao. Unajivuta. Tangu nimeingia unajivuta, na hunitazami."

"Kazi ya gari haitaki papara."

"Usijifiche nyuma ya gari. Mama yako amekubadilisha mawazo?"

"Mama hajanibadilisha."

"Basi sema wewe mwenyewe. Sema, Kezia, nimeogopa. Nimemfikiria marehemu mumeo, nikaona siwezi. Nitakuelewa. Nitaumia, lakini nitakuelewa. Kunikalisha hapa mpaka saa ipite ni uoga tu."

Nathanieli alisimama. Alikwenda nyuma ya banda, akarudi na turubai zito la lori, akalitupa juu ya boneti iliyo wazi mpaka likafunika sehemu yote ya mbele ya gari.

"Washa injini," alisema. "Halafu njoo huku ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ya turubai. Nataka giza. Kuna kitu hakionekani mchana."

Kezia aliwasha, akazunguka, akajipenyeza chini ya turubai kando yake. Humo mlikuwa giza totoro na joto, na harufu ya petroli na mpira. Injini ilinguruma mbele ya vifua vyao. Mabega yao yaligusana, na Kezia, pamoja na hasira zake zote, alihisi mwili wake unamsaliti.

Nathanieli alilazimika kusema karibu na sikio lake. "Injini ikiwa imetulia, cheche ya plagi inaruka bila shida. Tabo ikishindilia upepo, cheche inabanwa, inahitaji nguvu. Umeme ukiona pengine pana njia nyepesi, unapita huko, plagi inabaki bila moto. Tazama hizo nyaya."

Alichovya vidole kwenye kopo la maji, akanyunyizia nyaya zinazokwenda kwenye plagi. Kwa mkono mwingine alivuta mtambo wa mafuta, kana kwamba mtu amekanyaga pedali. Injini ilipanda sauti, ikaanza kujikwaa.

Hapo Kezia akaiona. Cheche ndogo ya buluu iliruka kutoka ubavuni mwa waya wa tatu, ikadonoa chuma, ikapotea. Ikaruka tena. Tik, tik, tik, kama kucha ya mtu juu ya kioo.

"Naiona," alisema.

"Waya umepita karibu mno na tabo. Joto limeukausha mpira, ukapasuka. Ufa wenyewe kwenye mwanga huwezi kuuona."

Moyo wa Kezia ulipata nguvu. Alisahau ugomvi. "Basi ni waya tu. Una mwingine?"

"Ninao kwenye pikapu iliyokufa nyuma ya banda."

"Tutawahi, Nathanieli. Tukiondoka saa tano tutawahi."

Aliachia mtambo. Injini ikashuka, cheche zikafifia, giza likarudi. Nathanieli alijifuta vidole kwenye suruali.

"Mimi siendi, Kezia."

"Unasemaje?"

"Sina cha kufuata. Nilikwenda Jumanne."

Kezia hakuuliza alikwenda wapi. Nje ya turubai mtu alipita na baiskeli, akacheka na mwenzake, dunia ikiendelea na mambo yake.

"Nilishindwa kusubiri," Nathanieli alisema sikioni mwake. "Nilitaka nikukute leo nikiwa najua. Nilimsumbua Dada Mastura mpaka akanipa."

"Sema."

"Wameukuta."

"Wameukuta kwa nani?"

"Kwangu, Kezia. Wameukuta kwangu. Mama anakukimbiza wewe miezi yote hii, kumbe ninao mimi. Labda ninao tangu Uganda. Sijui. Nimehesabu wanawake wawili maishani mwangu na sijui ni yupi, wala haisaidii."

Kezia alimtafuta gizani kwa mikono. Nathanieli alirudi nyuma.

"Mikono yangu ina mafuta," alisema, na sauti ikamvunjikia hapo.

Kabla Kezia hajapata neno, turubai lilivutwa kwa nguvu, mwanga ukawapiga machoni. Ma Bernadeta alikuwa amesimama mbele yao, amelishika turubai kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye kitambaa cheusi kichwani ambacho hakukivua tangu mazishi ya pili.

"Nimeambiwa njiani kwamba miguu minne inaonekana chini ya turubai," alisema. "Nikasema si mwanangu, mwanangu ana akili. Zima hilo gari, Nathanieli."

Nathanieli alilizima. Uani pakawa kimya.

Kezia alimsalimia kwa adabu, amepiga goti kama ilivyo desturi. Mama hakuitika. Aliyatazama macho mekundu ya mwanawe, akadhani anaelewa anachokiona. Ndipo akafanya jambo ambalo Kezia hakulitegemea. Aliachia turubai, akashuka chini polepole, akapiga magoti kwenye udongo wenye mafuta mbele ya mwanamke mdogo kuliko wanawe.

"Mama, inuka," Nathanieli alisema.

"Nyamaza. Siongei na wewe." Alimshika Kezia kanga. "Mke wa Rugambwa, nimekutukana sana na matusi hayakufaa kitu. Leo nakuomba. Nimezika wawili. Nimewaogesha mwenyewe, nimewabeba kama watoto wachanga, walikuwa wamebaki mifupa. Huyu ndiye nimebaki naye. Ni mzima. Niachie huyu mmoja tu. Tafuta popote, mimi nitakuombea kwa Mungu upate. Lakini huyu niachie."

Kezia alimtazama Nathanieli juu ya kichwa cha mama yake. Uso wa mwanamume ulikuwa umekufa. Alitikisa kichwa kidogo sana: usimwambie.

"Nitaondoka, Ma," Kezia alisema. "Inuka, nakuomba. Likipona gari, naondoka."

Mama aliinuka, akakaa juu ya tairi kuhakikisha. Mbele ya macho yake Nathanieli alileta waya kutoka kwenye ile pikapu, akauchomeka pande zote mbili, akaufunga kwa kamba ya chuma mbali na tabo. Mara mbili spana ilimponyoka. Alipomaliza alifunga boneti, akaja dirishani Kezia akiwa amekwisha keti.

"Usiliendeshe taratibu," alisema kwa sauti ya kawaida, mama asikie. Kisha akashusha sauti. "Jibu lako likiwa zuri, usirudi huku. Dada yako yuko Mwanza. Meli inapita Kemondo jioni. Panda. Usinipe mzigo wa kukuona unanitazama nikiisha."

"Na likiwa baya?"

Nathanieli alishika ukingo wa dirisha. "Mungu anisamehe," alisema, "nusu yangu inaomba liwe baya, ili nisiwe peke yangu. Ndiyo maana nakwambia nenda."

Gari lilipanda kilima bila kujikwaa hata mara moja. Tabo ilipiga mluzi, likachomoka, migomba ikarudi nyuma pande zote mbili. Kezia alikuwa analia kwa sauti, na njia nzima mpaka Bukoba hakulegeza mguu.

Saa nane kasoro dakika kumi alikuwa mbele ya Dada Mastura, mwanamke mnene wa mtaa wa Bakoba, mwenye ushungi mweupe na sauti ya taratibu.

"Kaa, mdogo wangu. Mbona umelowa jasho hivyo?" Alifungua faili, akasoma, akalifunga. "Sitakuzungusha. Huna."

"Sina nini?"

"Damu yako ni safi."

"Mume wangu alikufa nao."

"Najua. Ndiyo maana tulipima mara mbili. Hutokea. Mwaka wake wa mwisho mlikuwa mnalala pamoja?"

"Alikuwa na wengine. Nilikuwa mtu wa kumwendeshea gari."

"Basi Mungu alikuwa anakutazama." Mastura alimsukumia karatasi. Alipoona machozi, akakunja uso. "Wengine wakipata jibu hili wananikumbatia mpaka ushungi unadondoka. Wewe unalia msiba."

"Kuna fundi alikuja Jumanne."

"Ya mtu mwingine siyasemi."

"Sikuulizi. Ameniambia mwenyewe. Nakuuliza kama mtu mzima anaweza kuishi na mtu kama yeye."

Mastura aliegemea kiti. Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Kula naye unaweza. Kumwogesha unaweza, kumshika mkono unaweza. Kulala naye bila kinga ni kujichimbia kaburi, nakwambia wazi. Na atakufa, mdogo wangu. Labda baada ya mwaka mmoja, labda baada ya sita. Dawa hatuna. Ukiniuliza kama dada yako, nitakwambia panda meli."

Jua lilikuwa limeanza kuinama alipofika njia panda ya Kemondo. Upande wa ziwa meli ilikuwa gatini, makuli wanapakia mikungu ya ndizi, wachuuzi wa samaki kutoka visiwani wanagombania nafasi. Mkoba wake ulikuwa kwenye buti, aliupanga tangu jana. Kezia alizima injini, akakaa.

Aliijaribu Mwanza kichwani. Aliweza kuiona vizuri: nyumba ya dada yake, cherehani, mwaka unapita, wa pili unapita, mwanamume mwema anakuja kumposa. Hapakuwa na kasoro yoyote katika picha ile isipokuwa kwamba yeye hakuwemo. Kezia wa kweli alikuwa amebaki Muleba chini ya turubai, na mtu anamwambia sikioni neno ambalo hajamwambia mama yake mzazi.

Haikuwa huruma. Huruma alikuwa anaijua; alimpa Rugambwa miezi minne mfululizo, akimgeuza kitandani, akimlisha uji kwa kijiko, na siku alipokata roho hakuhisi kitu ila uchovu. Alichokihisi sasa kilimuuma mahali pengine kabisa. Alitaka kuwa pale. Ikiwa ni mwaka mmoja, alitaka ule mmoja.

Meli ilipiga honi. Kezia aliwasha gari, akashika njia ya Muleba.

Alifika saa kumi na mbili, mvua ikianza upya. Banda lilikuwa limefungwa. Alipanda kwa miguu njia ya kibanjani, akapita makaburi mawili, akabisha hodi.

Ma Bernadeta alifungua. Nyuma yake, Nathanieli alisimama kutoka kwenye kiti kama mtu aliyeona mzuka.

"Uliniahidi," mama alisema.

"Niliahidi kuondoka, Ma. Niliondoka. Sasa nimerudi."

"Umepewa majibu?"

Kezia alikuwa na karatasi kifuani, ndani ya blauzi. Karatasi ile ingemsafisha jina toka Muleba mpaka Bukoba. Lakini alijua swali litakalofuata: na ya mwanangu?

"Nimepewa," alisema. "Ninao. Maneno yako yalikuwa ya kweli. Nimekuja kumuaga mwanao tu, na kukwambia kwamba hajanigusa hata mkono. Usimwogopee."

Mama alifumba macho. Alijishika kifua, midomo ikatembea bila sauti, kisha akasema, "Ahsante, Mungu wangu. Ahsante. Huyu umeniachia." Machozi ya furaha yalimtiririka, akamgeukia mwanawe amkumbatie.

Nathanieli alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Mama, anakudanganya," alisema. "Kezia, mwonyeshe karatasi."

"Nathanieli, acha."

"Mwonyeshe. Siwezi kumsikia anamshukuru Mungu kwa uongo." Alipumua. "Ni mimi, mama. Nilipima. Ni mimi ndiye ninao, na sikuupata kwake."

Mvua iliongezeka juu ya bati. Ma Bernadeta hakupiga kelele. Alikaa chini palepale alipokuwa, juu ya sakafu iliyotandikwa nyasi, akanyoosha miguu yake mbele kama wanavyokaa wafiwa. Alinyoosha mkono. Kezia akampa karatasi. Mama hakujua kusoma; aliishika tu, akaitazama huku na huku.

"Hii inasema wewe ni mzima?"

"Ndiyo, Ma."

"Ulikuwa wapi jua lilipoinama?"

"Kemondo. Meli ilikuwepo."

"Ukaiacha." Mama alimrudishia karatasi. "Basi kesho kaifuate nyingine. Huyu ni wangu, nitamwogesha mimi. Nimeshazoea."

"Mchana ulinipigia magoti niondoke. Jioni unanifukuza tena."

"Mchana nilikuwa namwonea huruma mwanangu," mama alisema. "Sasa nakuonea wewe. Una mama yako. Sitaki mtoto wa mwenzangu apotelee nyumbani kwangu."

Kezia alipiga magoti kwenye nyasi kando yake. "Kesho ukoo wa Rugambwa wanakaa kunikabidhi kwa Rutashobya. Nitawaambia nimekwisha kupata mume. Wakiniuliza ni nani, nitamtaja huyu, kama mwenyewe hatanikana. Nitalala chumba cha peke yangu ikibidi, Ma. Sikurudi kwa ajili ya kitanda."

Wote wawili walimtazama Nathanieli. Alikuwa bado ameegemea ukuta, machozi yanamshuka bila kuyafuta.

"Nilikuomba usinipe mzigo huu," alisema.

"Nimekusikia."

"Nitakuwa mkali nikiumwa. Nitakusema vibaya."

"Nitakujibu."

Aliinama, akamshika mkono. Ilikuwa mara ya kwanza. Kiganja chake kilikuwa cha moto na kigumu, mafuta ya gari yamejaa kwenye mikunjo, na Kezia akakibana kwa vidole vyake vyote.

Ma Bernadeta aliitazama ile mikono muda mrefu. Kisha alijizoazoa, akasimama kwa kushikilia bega la Kezia, akachungulia nje.

"Gari umeliacha wapi?"

"Barabarani, mbele ya banda."

"Liingizeni kibanjani, chini ya migomba, kabla Rutashobya hajaliona," alisema. Alichukua chungu, akaelekea jikoni. "Nendeni wote wawili, utelezi ni mwingi. Mkirudi chakula kitakuwa tayari."

Walitoka mvuani wameshikana mikono, wakashuka njia ya matope kwenda kulichukua.